Barua kwa mwanangu: ghorofa ya ngapi?

Mwanangu,

Bado hujanijibu. Hiyo nyumba uliyopangiwa Yerusalemu iko ghorofa ya ngapi, na ina mamadi au haina? Nasikia majumba mengi yaliyojengwa kabla ya miaka ya tisini hayana chumba hicho cha zege, watu hukimbilia handaki la chini. Roketi za Gaza zilipokuwa zikirushwa, mtu wa Yerusalemu alikuwa na dakika moja na nusu tu toka king'ora kilie. Na usingizi wako naujua. Weka programu ya tahadhari ya Pikud HaOref, kamandi ya jeshi inayolinda raia, kwenye simu kabla hujapanda ndege, na simu yenyewe usiizime sauti kama ulivyozoea.

Usiniambie mambo yametulia. Juni 2025 pia watu walilala, wakaamka vita na Irani vimeanza, anga limefungwa, na siku mbili baadaye jumba la Bat Yam, karibu na Tel Aviv, likapigwa kombora usiku. Nikimwona mama wa Gaza kwenye televisheni akiwaita watoto wake, siku hiyo chakula hakipiti.

Sikuzuii. Babu yako alilima mahindi Uasin Gishu, nyanda zilezile ambazo Waingereza walitaka kutupatia sisi Wayahudi mwaka 1903, mkutano wa Wazayuni wa 1905 ukazikataa. Nchi ilimpokea, ikamlisha, akaipenda. Lakini kila Pasaka alifumba macho akasema, "Mwaka ujao Yerusalemu." Wewe ndiye unayekwenda, na sinagogi nzima nimeiambia.

Umekua ukisikia kwamba ugonjwa ndio uliomzuia babu. Hakuwa mgonjwa kiasi hicho. Oktoba 1973 tiketi yake ya kwenda kwa sikukuu ya Sukoti ilikuwa kwenye droo. Vita vikaanza huko Israeli siku takatifu ya Yom Kipuri, tiketi ikarudishwa ofisini, akaambiwa angoje kidogo tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilidhani najua. Kenya ikavunja uhusiano na Israeli mwaka huohuo, na ulirejeshwa 1988. Sisi tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo nenda. Ila ungeniambia mimi kwanza, si nisikie kwa dada yako.

Chukua sweta ya kijani, Desemba ya Yerusalemu ina baridi kuliko unavyodhani. Baba yako hasemi kitu, lakini jana ameshona mkanda wa sanduku lako mara mbili. Dawa yake ya presha imebaki ya siku nne. Ukipita mjini kabla ya Alhamisi mnunulie, pesa nitakutumia. Tangi linavuja tena upande wa jikoni. Ndege ikichelewa Addis Ababa, piga simu hata kama ni usiku wa manane, silali.

Niletee udongo kidogo, kiganja kimoja, kwa ajili ya kaburi la babu.

Fundi wa tangi anabisha geti. Nijibu leo: ghorofa ya ngapi?

Mama