Mhariri, mtoto anakesha na daftari lakini nani kamfundisha kusoma?

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina binti yupo form three, na hili jambo la watoto kutofundishwa namna ya kusoma limenikaa moyoni tangu mwaka jana nikaona bora niliandike.

Binti yangu sio mvivu. Naomba hilo lieleweke mwanzo kabisa maana mtoto akifeli tu watu wanakimbilia kusema ni simu, ni makundi, ni uvivu. Huyu wangu akiwa form two alikuwa anakaa mezani kuanzia baada ya isha mpaka saa sita usiku, miguu ipo kwenye beseni la maji ya baridi asisinzie, daftari la bayolojia limepigwa mistari ya peni za rangi tatu mpaka linapendeza, alafu kila topiki anainakili upya kwenye kaunta buku. Mi nashona huku namtazama, moyo umetulia, nasema huyu atafaulu. Matokeo ya moko yakarudi, bayolojia F, jiografia D. Alilia mpaka macho yakavimba na kilichoniuma zaidi ni maneno yake, "mama mi nilivisoma vyote, nilikuwa navijua kabisa". Na ni kweli alivisoma, mimi ndio shahidi.

Kuna kijana hapo jirani anasoma chuo cha ualimu, nikamwita. Hakumuuliza kasoma masaa mangapi. Alichukua lile daftari akalifunga akaliweka mapajani, akamwambia haya dada nieleze ulichosoma jana usiku. Kimya. Akaongea sentensi mbili akakwama. Kijana akafungua ukurasa, mtoto palepale, "aah hii naijua!" Kijana akamwambia hapana, hii unaitambua ukiiona, kuijua ni pale ambapo daftari halipo.

Yaani mimi kama fundi nilielewa saa ileile. Mwanafunzi wa ufundi anaweza kukaa pembeni yangu mwezi mzima ananitazama nakata gauni, kila hatua anatikisa kichwa kwamba kaelewa, siku nikimpa mkasi na kitambaa mkono unatetemeka hajui aanzie wapi. Ndio maana siku zote nawakatisha kwanza kwenye karatasi ya kaki, wakosee, nirekebishe, warudie. Nashangaa miaka yote hiyo najua hivyo kwenye kushona lakini kwa mwanangu mwenyewe nilikuwa naridhika nikimuona ameinamia daftari tu.

Yule kijana akanionyesha kwenye simu kwamba hili limepimwa. Wapo wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 walitoa utafiti, kundi moja la wanafunzi lilisoma habari moja mara nne, kundi lingine liliisoma mara moja tu alafu likaambiwa mara tatu liandike linachokumbuka bila kuangalia. Baadhi yao walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na wale wengine 71, kwahiyo ungeona kurudia rudia kusoma ndio dawa. Wengine wa makundi hayohayo wakapimwa baada ya wiki moja. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 tu, wale waliojipima 61! Hapo ndipo nikajua kwanini binti yangu usiku ule alikuwa anajiamini na kwenye mtihani kila kitu kimeyeyuka, alikuwa kwenye zile dakika tano. Na hata zamani sana, mwaka 1885, Mjerumani mmoja Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaona kwamba kusahau kunakwenda kasi mno mwanzoni, ndani ya saa moja tu sehemu kubwa imeshaondoka, na kwamba ukigawa kujifunza kwenye siku kadhaa unashika vizuri kuliko kubeba vyote siku moja.

Lakini jamani sisi watu wa pwani hili tulikuwa nalo zamani. Mtoto madrasa hapewi sura mpya kabla hajamsomea mwalimu ya jana kwa kichwa, msahafu umefungwa, akikosea anarudi nyuma, na zile za zamani anazirudia ili zisipotee. Kila siku kidogo. Mtoto huyohuyo wa miaka kumi anashika juzuu zima, alafu akifika shuleni tunasema hana kichwa.

Ndio maana sikubaliani sana na wanaosema ugonjwa wa elimu yetu ni kukariri. Jedwali la kuzidisha lazima likaririwe, alama za elementi kwenye kemia lazima zikaririwe, hakuna njia nyingine. Ubaya ni kukariri usichokielewa, na hapa naomba nikae kidogo maana ndio penye shida kubwa. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, anaujua vizuri, jani, mwanga, hewa, maji. Anaingia form one anakuta neno photosynthesis anaona ni somo jipya kabisa! Hakuna aliyemwambia kwamba ni lilelile. Sasa atafanya nini zaidi ya kubeba sentensi nzima nzima kama zilivyo ubaoni, na mtihani ukigeuza swali kidogo tu amekwisha.

Sisi nyumbani tulifanya hivi. Kila jioni kabla hajaandika chochote kwa Kingereza ananieleza mimi kwa Kiswahili, mi naendelea na cherehani yangu, na nisipoelewa namwambia sijaelewa. Siku moja alikuwa ananieleza osmosis, yaani maji kuvutwa kupita kwenye utando kwenda penye chumvi nyingi, anazunguka tu, nikamwambia mbona kachumbari ukiitia chumvi ikakaa inatoa maji, ndio hiyo? Akanyamaza, akacheka, akakimbilia daftari. Kile hakijamtoka mpaka leo. Baada ya hapo anafunga daftari anaandika kwa Kingereza anachokumbuka kwenye karatasi tupu, anafungua anasahihisha kwa peni nyekundu, na kesho yake anaanza na yale mekundu. Keshokutwa tena, alafu wiki ijayo. Saa nne usiku analala, beseni nimelitoa kabisa, kwasababu kijana alitueleza kwamba ubongo unapanga yale ya mchana mtoto akiwa amelala, kukesha ni kujinyima mwenyewe.

Siku za mwanzo alichukia sana. Anasema mama hii njia inaniumiza kichwa, ile ya zamani nilikuwa naona naelewa. Naomba wazazi mlijue hili msije mkaacha njiani, kujipima kunamfanya mtoto ajione hajui kitu, na kweli kunachosha kuliko kusoma. Mtihani wa taifa wa form two ulipokuja bayolojia alipata C, jiografia B. Sio maajabu, lakini masaa aliyosoma yalikuwa machache kuliko yale ya mwanzo.

Walimu siwalaumu, darasa limejaa na silabasi inawakimbiza. Ila wazazi tunalipa twisheni kila mwezi na huko nako mtoto anaenda kunakili notisi nyingine, ukiuliza leo mmeulizwa maswali mangapi anakwambia tuliandika tu. Mimi siku hizi ndio swali langu la kwanza.

Ombi langu kwako mhariri. Gazeti lako linafika mpaka kwenye vibanda vya chai na saluni, watoto wanalikuta nyumbani hata kama baba kalinunua kwa ajili ya mpira. Tengeni kona ndogo, maswali matano tu ya form one na two kila wiki, pembeni muweke neno la Kingereza na mwenzake la Kiswahili. Na majibu msiyaweke chini ya ukurasa, yatoeni toleo la wiki inayofuata, ili mtoto akae nalo swali lile siku saba.

Ni mimi msomaji wako,
Mama Fundi, Tanga