Sheikh Al-Amin si "baba yake Profesa" tu

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti ya juzi kuhusu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui imenishinda kunyamazia. Eti baba yake Profesa Ali Mazrui, tena alikuwa Kadhi Mkuu, basi, mkahamia kwa mpira.

Kwani hamjui kama alikuwa mhariri kama wewe? 1930 alianzisha gazeti la Sahifa hapa Mombasa, 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, na humo alikuwa akiwasema watu wake mwenyewe bila kupepesa macho, bid'a (mambo ya kuzuliwa katika dini), uvivu wa kusomesha watoto, kuiga Wazungu kila kitu, na huo Ukadhi Mkuu mnaoushikilia alikuja kuupata 1937, magazeti ameshayatoa zamani. Halafu huyo huyo, mwanachuoni wa dini si profesa wa historia, akakaa akaandika kwa Kiarabu habari za Mazrui walivyotawala Mombasa mpaka Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, akawang'oa 1837. Ndiyo, ni ukoo wake, atakuwa amevutia kwake kidogo, bisheni naye basi, lakini si mumsome kwanza! Alifariki 1947, tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa 1995, ndo wengine wakashtuka.

Mjukuu wangu alipewa kazi ya shule kuhusu waandishi wa Pwani nikampeleka maktaba moja, sitaitaja. Kijana wa mapokezi, simu mkononi, hata hajainua kichwa: "Mzee, magazeti ya zamani yako stoo na mwenye funguo yuko likizo." Nikachungulia kwenye kioo cha mlango, nikayaona mabunda yamefungwa kamba ya katani, juu yake wametua feni mbovu!

Na maelezo ya picha nani huwaandikia? Majuzi mmetuambia Fort Jesus ilijengwa na Waarabu. Wareno jamani, 1593, mtoto wa darasa la nne anajua.

Sasa fanyeni hivi, kila Ijumaa ondoeni ile safu ya nyota muweke makala moja ya Al-Islah, herufi kubwa tuzione sisi wenye miwani, na yule aliyeandika ripoti ndo awe anaichapa, neno kwa neno. Wenye nyota ya Nge watavumilia.

Msomaji wenu,
Mombasa