Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: pointi zetu nazo zihesabiwe

Ndugu Mkurugenzi,

Mbukwenyi.

Najua mezani kwako kuna mafaili ya barabara, masoko na migogoro ya viwanja, kwa hiyo sitakuzungusha. Tunaomba saa mbili za kiwanja cha wazi kila Jumamosi jioni, katika kata chache za kuanzia, kwa ajili ya michezo ambayo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu wanacheza pamoja. Halafu tunaomba matokeo ya michezo hiyo yaingie kwenye hesabu ya mashindano ya kata. Ombi la kwanza ni dogo. La pili ndilo lililonifanya niandike barua hii hadharani.

Mimi ni kocha wa kujitolea, cheti changu ni cha ngazi ya chini kabisa. Jumamosi jioni utanikuta pembezoni mwa Chang'ombe na kundi la watu wasiofanana kwa lolote: vijana wa bodaboda, mama ntilie anayetembea kwa magongo, viziwi, wasioona, na watoto wenye mtindio wa ubongo wanaoletwa na mama zao. Mchezo unaotukusanya zaidi ni mpira wa wavu wa kukaa. Kanuni zake ni rahisi. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu una kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na makalio hayaruhusiwi kuachana na ardhi unapoucheza mpira. Wavu wetu sisi ni kamba ya katani iliyofungwa kwenye miti miwili, tukaining'inizia vipande vya salfeti ili ionekane.

Ungependa kuona kinachotokea hapo. Kijana mwenye miguu yake miwili, mzoefu wa ndondo, anakaa chini kwa majivuno kisha anagundua kwamba hajui kusogea. Ili asogee anahitaji mikono, na ili apige mpira anahitaji mikono ile ile. Anapoinua mikono, mpira umeshapita. Upande wa pili yupo fundi viatu wa makamo ambaye polio ilimchukua miguu utotoni. Maisha yake yote amejisukuma kwa viganja, na mpira haujamgusa nywele kabla hajafika chini yake. "Miguu mnayo, matumizi hamna!" huwaambia, na uwanja mzima hucheka, wale vijana wakiwa wa kwanza. Wiki inayofuata utasikia wanagombania nani acheze upande wa fundi. Hakuna aliyewahubiria habari za kujumuishana. Wanataka kushinda, na fundi anashinda.

Sasa linganisha na tunavyofanya mara nyingi ifikapo tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Fulana zinagawiwa, soda zinafunguliwa, kamba inavutwa, mgeni rasmi anapiga picha. Mwenye magongo anakimbizwa mita mia peke yake, akifika anapigiwa makofi kwa kuwa amefika. Nani alikuwa wa pili, hakuna anayeuliza. Sipingi sherehe, na soda nakunywa kama wengine. Ila mtu mzima anayeshangiliwa kwa kufika tu anajua moyoni kwamba hahesabiwi miongoni mwa wachezaji, na tarehe 4 Desemba kiwanja kinarudi kwa wenyewe.

Vipaji vipo, hilo halina ubishi tena. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, walikwenda Kombe la Dunia Istanbul mwaka 2022 na kufika robo fainali. Wachezaji saba kila upande, wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa anadaka kwa mkono mmoja. Dodoma ina vijana waliopoteza mguu kwenye ajali za pikipiki, tena wa umri ule ule. Mmoja wao akitaka kuanza mchezo huu leo, aende kiwanja gani, siku gani, amwone nani? Nimeulizwa swali hilo na wazazi, nikabaki kuwatajia Jumamosi yetu.

Kwa watoto wasioona pengo ni baya zaidi, kwa sababu wao huanza vizuri halafu wanakatwa. Hapo jirani Chamwino kuna Buigiri, shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1950, na kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, mpira wa goli unachezwa. Wachezaji ni watatu kila upande, wote wamefungwa macho, uwanja mita 18 kwa 9, mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1 na robo, mistari imewekewa uzi chini ya utepe ili uisome kwa vidole. Kwa kuwa kila mtu amefungwa macho, anayeona akicheza hana faida yoyote, labda hasara, maana masikio yake hayajazoea kazi. Mtoto anaujua mchezo huu, anaupenda, kisha anamaliza shule na kurudi mtaani Nkuhungu au Kizota kukaa barazani na redio, akisikiliza Simba na Yanga. Kwetu vumbi halishiki utepe, kwa hiyo mistari haikai. Mpira wa kengele hatuna, tunauvika wa kawaida mfuko unaochakarisha, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hata hiyo ni ya kutafuta. Sakafu ya ukumbi mmoja wa kata au wa shule, saa mbili kwa wiki, ingetutosha.

Vikwazo vyenyewe, Ndugu Mkurugenzi, ukivitazama kwa karibu utaona aibu ya udogo wake. Kuna kiwanja kimoja, sitakitaja, ambacho lango lake kubwa hufungwa kwa kufuli na kimlango cha pembeni hakipitishi kiti mwendo. Tuliambiwa tuandike barua, tukaandika, hadi leo tunambeba mtu na kiti chake kama sanduku. Halafu kuna mbigili, ule mmea wa miiba. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mbigili, lakini huenda hujawahi kumwona mtu aliyejisukuma kilomita mbili kwa baiskeli ya miguu mitatu akifika na tairi mbili zimekaa chini. Kuuondoa mmea ule kabla haujakomaa mbegu ni kazi ya majembe na asubuhi moja baada ya mvua. Tunahitaji pia choo kisichokuwa na ngazi. Bendera mkononi mwa mwamuzi, maana kiziwi hasikii filimbi. Muda nao: tuanze saa kumi na nusu jioni, kabla ya hapo jua la Dodoma linawachoma wenzetu wenye ualbino, na hakuna kofia inayotosha kwa mtu anayekimbia.

Nitaambiwa kuna asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Ipo, na tunaishukuru, lakini ule ni mkopo wa kikundi cha biashara, unarejeshwa. Huwezi kukopa ili ung'oe mbigili kwenye kiwanja cha umma. Hili liwe fungu la michezo, kwenye bajeti ya kawaida, hata likiwa dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 kwenye jiji hili, na ikaonyesha kitaifa kwamba asilimia 11.2 ya wenye miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hata ukikadiria kwa ubahili, bado ni umati mkubwa wa wakazi wako. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, inawataja kwenye michezo waziwazi, ikianza na ile ya kawaida ya watu wote.

Narudi kwenye pointi. Kwenye mashindano ya kata yanayosimamiwa au kusaidiwa na Jiji, liwekwe sharti moja: kila kata ilete pia timu mchanganyiko ya wavu wa kukaa, angalau nusu wakiwa watu wenye ulemavu, wanawake wakiwemo, na pointi zake zijumlishwe na za soka na netiboli kumpata bingwa wa jumla. Kata isiyoleta timu ipate sifuri kwenye safu hiyo. Wapenzi wa michezo nawajua. Kombe likining'inia kwa pointi tatu, mtendaji na mwenyekiti wa mtaa watapita nyumba kwa nyumba kutafuta mchezaji, na watagonga hata ile milango ambayo wazazi humfungia mtoto ndani wageni wakija. Hodi ya mtu anayekuja kusajili ni tofauti kabisa na ya anayekuja kuandika majina ya msaada.

Kata ni 41, sisemi zote. Chagua nne, mbili za mjini na mbili za pembeni kama Hombolo au Ihumwa, zijaribu msimu mmoja. Hata siku ya kuzindua haihitaji kutafutwa: tangu Desemba 2016, Mama Samia alipokuwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni ya mazoezi. Ukija, vaa suruali usiyoionea huruma, utakaa chini. Fundi viatu ameshaomba apangwe upande usio wako.

Jibu tunaliomba kabla vikao vya bajeti havijaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kocha wa kujitolea,
Chang'ombe, Dodoma.

Nakala: Afisa Michezo wa Jiji, SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu), Maafisa Watendaji wa Kata.