Kwa vijana mliokaa nje ya turubai

Wanangu,

Siku tuliyomzika mwenzenu wa bodaboda, mlikaa nje ya turubai karibu na pikipiki zenu wakati mchungaji akihubiri. Nilipopita kutafuta maji, mmoja wenu akaniambia, wala si kwa ukali, "Mwalimu, si mseme tu ukweli? Huko juu hakuna mtu." Nilinyamaza. Msibani si mahali pa mjadala, na umri huu maneno huja taratibu.

Mahubiri yale yalinikera hata mimi. Kumwambia mama aliyefiwa na mtoto wa miaka 24 kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa, udongo haujakauka, ni kumziba mdomo. Ayubu aliyeyasema maneno hayo alikuja kulalamika sura baada ya sura, na mwisho wa kitabu waliokemewa ni rafiki zake waliokuwa na majibu tayari.

Msinione mzee wa kanisa mkadhani sijawahi kukaa mlipokaa. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, dada yangu alikuwamo. Nilikuwa nafundisha fizikia hapa Mwanza, na kwa fizikia niliweza kueleza yote. Meli ya abiria 430 ilipakia kupita kiasi. Ikapinduka, ikabaki inaelea chali kwa hewa iliyonaswa ndani. Wakatoboa tundu ili wawaokoe waliokuwamo, hewa ikatoka, ikazama. Wakafa karibu watu 900. Ubaoni hesabu ilitoka vizuri kabisa. Nikirudi nyumbani nakuta kitenge chake kimekunjwa juu ya kiti, kama alivyokiacha. Niliacha kusali, miezi mingi.

Aliyenirudisha ni bibi mmoja jirani ambaye hata darasa la nne hakumaliza. Kila Jumatano jioni alikuja na kigoda chake, akakaa uani kwangu akimenya mihogo, kimya. Siku moja akanipa Biblia nimsomee, macho yake yalikuwa yamechoka: Zaburi ya 88. Nilisoma nikingoja ile shangwe ya mwishoni. Haipo. Zaburi hiyo inaishia gizani. Bibi akasema, "Na hii nayo wameiacha humu," akaendelea na mihogo yake.

Ndipo nikamsikia upya Kristo pale msalabani: "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kilio changu kilikuwa kimeshapita kinywani mwake. Simjui mwingine ninayeweza kumweleza habari za kitenge kile akanielewa.

Wakiwaambia sayansi imemfukuza Mungu, waulizeni kuhusu Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Lakini najua si sayansi iliyowaweka nje ya turubai. Ni vyeti vilivyolala sandukuni, ni marejesho ya pikipiki kila wiki, ni mafuta ya upako mliyouziwa kwa ahadi ya ajira. Kama mnayemkana ni mungu wa kwenye chupa, tuko pamoja.

Ila mkifika kusema mtu ni udongo tu na yote ni bure, hapo nabishana nanyi. Usiku ule mlichangishana hadi jeneza likapatikana. Mkaiosha pikipiki yenye damu ili mama yake asiione. Nani aliwatuma? Kwa udongo tu watu hawafanyi hivyo. Sisemi asiyeamini hana utu. Nimewafahamu wengine wanaotushinda wazee wa baraza zima. Nasema tu kwamba namjua aliyeuweka utu huo ndani yenu. Kama jina lake halijawatoka mdomoni, sitawakaba shingo. Katika Injili ya Marko yuko baba aliyemwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona kwa imani hiyohiyo ya nusu.

Na kama yupo kati yenu ambaye usiku anaona heri asingekuwepo, asilale na wazo hilo peke yake. Agonge kwangu hata saa nane za usiku. Mke wangu ameshazoea.

Kwa mama wa mwenzenu turubai limeondolewa, watu wamerudi makwao. Jumatano saa kumi na moja jioni nitakuwa kwake. Kigoda cha yule bibi ninacho. Vyenu mje navyo.