Ngoma Imepasuka: Wito wa Harambee

Ndugu zetu, wazee wetu, vijana na marafiki,

Sisi waimbaji na wapiga ngoma wa mikutano ya kudai haki tunaandika kwa haya kidogo, maana si zamani tulibisha hodi kwenu. Mlitoa, tukapata spika mbili, na Mungu awazidishie. Spika hizo ndizo zilizonyeshewa kwenye maandamano yaliyopita. Turubai lilikuwa moja, tukaona bora tuwafunike watoto. Spika moja imekufa kabisa. Nyingine inakoroma kama mzee mwenye pumu. Ngoma kubwa nayo imepasuka. Kwenye mkesha wa majirani waliobomolewa nyumba tulipiga dumu la maji. Dumu, jamani! Mama mmoja aliyekuja kuililia nyumba yake ndiye aliyetushikia mdundo.

Wapo wanaouliza: haki na ngoma wapi na wapi, si mtafute wakili? Wakili tunaye. Kazi ni kuwapata watu mkutano wa tatu, wa nne, wa kumi, kesi inapoahirishwa tena. Hotuba huwaleta mara moja, wimbo huwarudisha. Huko Marekani, mwaka 1962, vijana wanne waliunda kundi la Freedom Singers huko Albany, Georgia, wakazunguka nchi wakiimba ili kuchangisha fedha za harakati za wanafunzi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wao waliimba wapate fedha. Sisi tunaomba fedha tupate kuimba. Ndiyo haya yenyewe. Lakini hata Vuyisile Mini, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo za ukombozi Afrika Kusini, alinyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1964, na nyimbo zake zikaendelea kuimbwa. Sisi tutanyamazishwa na mvua?

Tunahitaji ngozi ya ngoma, spika, rangi na vitambaa. Wachoraji wetu wanachora nyuma ya mabango ya zamani. Ukiligeuza bango unasoma madai ya mwaka juzi, ambayo kwa bahati mbaya bado yanafaa.

Kila senti itaandikwa na hesabu kusomwa mbele ya wote, risiti zikiwa mezani.

Wengi wenu mnazo nyimbo zetu kwenye simu, tuliwaona mkirekodi. Hatudai, tunakumbusha tu. Asiye na fedha alete shuka kuukuu jeupe, tutalipaka rangi. Mkesha ujao ni Ijumaa, na dumu tumeshamrudishia mwenyewe.