Barua kwa mwanangu aliyepangwa zamu za sikukuu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umepangwa usiku wa mkesha wa Krismasi, ukaongezewa usiku wa Krismasi yenyewe, kisha ukarudishwa tena usiku wa kufunga mwaka. Mwishoni umeandika, "Nisamehe, mama." Nianze na hilo ili lisikukoseshe usingizi: hakuna cha kusamehewa. Siku ile ulipovaa sare ya uuguzi kwa mara ya kwanza, mimi na baba yako tulijua zitakuja sikukuu ambazo kiti chako kitakuwa kitupu. Ugonjwa haujui kalenda, na wewe mwenyewe umekua ukiniona natoka nyumbani jioni wakati wenzako wanavalishwa nguo mpya.

Lakini kuna jambo nataka tulizungumze kwa kirefu, maana nimelibeba miaka yote niliyokuwa inchaji wa wodi, yaani muuguzi msimamizi anayepanga zamu. Ratiba ya sikukuu ni suala la haki baina ya watu wanaofanya kazi pamoja. Mkubwa akiitumia kama adhabu, anakosea. Na wewe ukiimeza kimya kimya huku moyo unachemka, unajidhulumu, na uchungu huo utawafikia wagonjwa hata kama hukukusudia.

Umesema sababu uliyopewa ni kwamba "wewe bado huna watoto." Neno hilo nalijua vizuri. Linaanza kwa huruma, na huruma hiyo ni ya kweli: mama mwenye mtoto mchanga anastahili kufikiriwa. Tatizo ni pale huruma inapogeuka kuwa sheria isiyoandikwa. Mwaka huu ni wewe kwa sababu huna watoto, mwaka ujao ni wewe kwa sababu umeshazoea, na mwaka unaofuata hakuna hata anayekuuliza. Asiyeolewa ana wazazi. Asiye na mtoto ana ndugu, ana ibada yake, ana mwili unaochoka kama mwili mwingine wowote. Nilipokuwa napanga ratiba nilikataa kabisa sababu hiyo isimame peke yake, na mpaka leo naamini nilikuwa sahihi.

Njia iliyotufaa ilikuwa rahisi. Tulikuwa na daftari lililoonyesha nani alishika sikukuu gani mwaka uliopita. Miezi miwili au mitatu kabla, kila mtu aliandika sikukuu moja anayoitaka kuliko zote na moja anayoweza kuiachia. Ungeshangaa jinsi mambo yalivyokuwa yakijipanga. Wapo ambao Mwaka Mpya hauwagusi kabisa ila Pasaka hawaikosi. Waislamu walishika zamu za Krismasi kwa moyo mweupe, nasi Wakristo tukawashikia Idi. Hapo inchaji inabidi awe macho, kwa sababu Idi inangoja mwezi uandame. Ratiba inatoka kabla siku haijajulikana, kwa hiyo anayeachiwa Idi aachiwe siku zote mbili zinazowezekana, na anayemshikia ajue tangu mwanzo kwamba zamu yake inaweza kusogea. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, sikukuu hizi husogeleana na kupishana. Mwaka 2000 Idi ya kufunga Ramadhani iliangukia Januari na tena Desemba, siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka wa namna hiyo ndipo utaujua urafiki wa wodini.

Basi nenda kaongee na inchaji wako. Usimwendee kwenye korido saa ya kukabidhiana, na usiandike malalamiko kwenye kundi la simu ambako kila mtu atasoma na kuongeza chumvi. Omba dakika kumi, mkae. Mwambie zamu za mwaka huu uko tayari kuzishika zote ukikosa wa kukushikia, na uzishike kweli, kisha umwombe iandikwe kwamba mwakani utakuwa wa kwanza kuchagua. Mwulize pia kama kuna wa kukushikia usiku mmoja kati ya ile mitatu. Ukipata wa kubadilishana naye, yaingie kwenye ratiba kwa maandishi na inchaji aidhinishe. Makubaliano ya mdomo ni hatari: mwenzio akipata dharura asitokee, jina lililobandikwa ukutani ni lako, na wagonjwa ndio watakaokosa mtu.

Unayoomba si upendeleo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wauguzi mwaka 1977, Mkataba namba 149, pamoja na Pendekezo namba 157. Pendekezo hilo linasema muuguzi aijue ratiba yake mapema ya kutosha ili aweze kupanga maisha yake na ya familia, na apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Pendekezo halina nguvu ya sheria, lakini ni vizuri ujue kwamba watu walikaa, wakafikiri, wakaona kwamba familia ya muuguzi nayo ni sehemu ya hesabu.

Hata hivyo, mwonee huruma inchaji wako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na bado walihitajika wengine milioni 5.8. Upungufu huo ndio anaokaa nao mezani akiwa na penseli na karatasi ya ratiba. Majina ni machache, miraba ya kujaza ni mingi, na kila jina analoligusa lina mtu atakayenuna.

Sasa nikuambie kuhusu usiku wenyewe, maana wodi ya sikukuu si wodi ya siku zote. Siku mbili tatu kabla, madaktari huwaruhusu wote wanaoweza kwenda nyumbani, na operesheni zisizo za haraka husogezwa mbele. Mgeni akipita ataona vitanda vitupu afikiri mna mapumziko. Wewe utajua kwamba waliobaki ni wale waliozidiwa, na wale wasio na pa kwenda.

Hao wa pili wanahitaji jicho lako. Nilikuwa na mgonjwa, mzee, ambaye asubuhi ya sikukuu aliomba shati lake safi badala ya nguo za hospitali. Alijifunga vifungo mwenyewe, polepole, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani. Kisha akageuza kiti kikaelekea mlangoni. Saa ya kuona wagonjwa ikaja ikapita. Watu waliingia kwa makundi, wakawazunguka wengine, na yeye alikuwa akiinua kichwa kila mlango ulipofunguliwa. Nilipomaliza kugawa dawa nikavuta kiti nikakaa naye, nikampima presha ambayo haikuwa imefika saa ya kupimwa, ili tu nipate sababu ya kushika mkono wake. Alinieleza habari za ujana wake mpaka nikaitwa kitanda kingine. Kwenye chati sikuandika zaidi ya namba za presha. Mwanangu, usiku huo mtafute mtu wa namna hiyo kwenye wodi yako. Yupo.

Jiandae pia na wanaoletwa. Uswidi walichunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 283,000 wa shambulio la moyo, wa kuanzia mwaka 1998 hadi 2013, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Mkesha wa Krismasi hatari ilipanda kwa asilimia 37, na kilele kilikuwa saa nne usiku. Waliopata zaidi walikuwa wazee wa miaka zaidi ya 75, wenye kisukari na wenye ugonjwa wa moyo tangu zamani. Watafiti hawakuthibitisha sababu. Kwa niliyoyaona, wengi huwa wamehisi dalili tangu asubuhi, wakanyamaza wasiharibu sherehe ya watoto. Kwa hiyo mzee akiletwa usiku huo akisema ni kiungulia tu cha chakula, usimwache benchi. Mpime, aangaliwe moyo, mwite daktari hata kama atakujibu kwa sauti ya usingizi.

Na wageni. Sikukuu huleta ndugu ambao hawajawahi kufika wodini, nao huja na vyakula kwa upendo wote. Mgonjwa wa figo analetewa chumvi, wa kisukari analetewa soda, na aliyefungishwa kula kwa ajili ya operesheni ya asubuhi anakutwa anatafuna. Usiwafokee. Pita kitanda kwa kitanda kabla ya saa ya kuona wagonjwa, waambie wagonjwa wenyewe, weka kibao kikubwa kwenye vitanda vinavyohusika, kisha simama karibu na mlango uwasalimie wanaoingia. Ukishampokea mtu kwa salamu nzuri, hata ukimkataza atakuelewa.

Mwili wako sasa. Zamu za usiku zinaudai mwili kwa namna ambayo kijana haioni mapema. Lala mchana kabla ya usiku wa kwanza, hata kama nyumba mnayoishi imejaa wageni na muziki. Weka pazia zito, ziba masikio, simu iache chumba kingine. Ukipewa mapumziko usiku, funga macho dakika 20. Ukizidisha sana utaamka mzito. Kahawa au chai ya rangi inywe mwanzoni mwa zamu, maana nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baadaye, na itakunyima usingizi asubuhi. Kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri ndipo akili inapolegea kuliko wakati wowote. Muda huo usichanganye peke yako dawa ambazo kosa dogo la kipimo ni hatari, kama insulini, heparini ya kuzuia damu kuganda, au potasiamu. Mwite mwenzio akague hesabu, sauti isikike, namba zisomwe. Na wakikuomba uunganishe na zamu ya asubuhi kwa kuwa fulani hajafika, kumbuka kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliona muuguzi aliyefanya kazi saa 12 na nusu au zaidi ana uwezekano wa kukosea mara tatu kuliko wa zamu fupi. Hapo kusema "siwezi, nimechoka" ni sehemu ya kumlinda mgonjwa. Na asubuhi usiendeshe chombo chochote ukiwa na usingizi. Afadhali upande gari la abiria, uchelewe.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawaliambiwi: usiku ule weka simu mbali. Picha za watu waliojaa sebuleni zinauma zaidi saa nane usiku kuliko mchana. Tupangane saa moja tu ya kupigiana, labda kabla hujaingia, tuongee sote, wadogo zako wapige kelele zao, halafu uingie kazini moyo ukiwa umetulia. Wodini nako fanyeni kitu. Mle pamoja hata kwa kupokezana, mtu mmoja abaki na wagonjwa wakati wengine wanakula, na dobi, mlinzi na wa usafi wasisahauliwe, maana nao wameacha watu wao nyumbani. Na machozi yakikujia, ingia chooni ulie, unawe uso, urudi. Nimewaona wauguzi hodari kuliko mimi wakifanya hivyo.

Kuhusu sherehe yetu, sisi tumeshakubaliana. Ibada ya siku yenyewe tutakwenda kama kawaida, tutakuombea. Lakini kukaa pamoja, kufungua zawadi na kupiga picha ya familia tutangoja siku yako ya kupumzika. Mdogo wako wa mwisho alinuna kidogo, kisha akauliza kama hiyo ina maana sikukuu zitakuwa mbili. Nimemwambia ndiyo. Usije moja kwa moja kutoka zamu ya mwisho. Lala kwanza, siku nzima ikibidi, uje ukiwa mtu. Nakujua, utataka kukimbilia nyumbani bila kulala, na utasinzia mezani.

Ukishaongea na inchaji, nitumie ratiba kama ilivyo, na tarehe unazotoka, ili baba yako aombe ruhusa kazini kwake mapema. Na uniandikie kama kuna mwenzako Mwislamu aliyekubali kukushikia usiku wa kufunga mwaka. Akikubali, mwambie ninamshukuru, na Idi yake ikifika ni zamu yako kumshikia.

Nakupenda, nakuombea.

Mama yako