Msisingizie barafu: barua ya wazi kwa wanasayansi vijana wa tabianchi wa Moshi na Arusha

Wajukuu zangu,

Marahaba. Shikamoo zenu za pale mlangoni mwa warsha yenu nilizipokea kwa moyo mweupe, na mliponisogezea kiti karibu na feni niliona kwamba mmelelewa. Kilichonikera kilikuja baada ya chai.

Mama mmoja wa tambarare, upande wa Kahe, alisimama kuuliza swali. Alisema zamu yake ya maji ya mfereji ni usiku, na kila akifika na jembe lake anakuta mfereji mkavu kwa sababu wa juu wamefunga kwenye banio, lango la kugawia maji. Akataka kujua utafiti wenu unasemaje kuhusu hilo. Kijana aliyeshika kipaza sauti akarudi kwenye ile picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ya zamani na ya sasa, akamwambia, "Mama, si unaona barafu ilivyoisha? Ndiyo maana maji hayafiki." Kisha, kwa upole kabisa, akaongeza kwamba akina mama nao waache kukata miti ovyo. Ukumbi ukapiga makofi. Yule mama akakaa, akasaini karatasi ya nauli, akaenda zake.

Mlimdhulumu mara mbili kwa dakika moja, na nyuma yenu limetundikwa bango la haki ya tabianchi.

Tuanze na hiyo barafu. Mwaka 1912 Kibo ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 11 na kidogo. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2. Hilo halina ubishi. Lakini mifereji yetu hailishwi na barafu. Sehemu kubwa ya barafu ya kule juu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa kavu, bila kupita kwenye mto wowote. Maji yetu yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule ukanda ulio juu ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miongo mingi, ameeleza jinsi moto unavyoteketeza msitu wa juu na kuupunguzia mlima uwezo wa kukamata ukungu. Moto wa Oktoba 2020 mliuona wenyewe, tena mliupiga picha. Nao Georg Kaser na Thomas Mölg, watu wa barafu hasa, walieleza kwamba barafu ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka, kabla Moshi haijaona gari hata moja. Joto la sasa linaongezea, ila kurudi nyuma hakukuanza nalo.

Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu, iliandika kwamba barafu ingeweza kumalizika kati ya 2015 na 2020. Mzee yule simdharau, alipanda mlima akashusha mihimili ya barafu ya kuchunguza kwa jasho. Ninaowalaumu ni waliolichukua neno "ingeweza" wakaligeuza "itakwisha" kwenye vipeperushi. Miaka ikapita, asubuhi mawingu yakifunguka watu wanaiona bado ipo, na sasa mkitoa onyo la mvua wanacheka. Wakulima hawasahau.

Sasa jiulizeni: barafu ikilaumiwa, nani anapona? Barafu haiitwi kuhojiwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenye kufunga banio anapona. Mwenye shamba kubwa lenye kibali cha maji na pampu anapona. Ofisi ambayo ingepaswa kwenda kupima maji mtoni inapona, haiulizwi kitu. Mifereji hii waliichimba mababu zetu kabla Wajerumani hawajafika, ukoo kwa ukoo, na kila mmoja ulikuwa na wazee wake, zamu zake na faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa asiyetokea kuzibua. Lakini vikao vile vilikuwa vya wanaume, mimi nimekua navyo. Leo tuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kuna vibali, kuna jumuiya za watumia maji, na bado mwanamke wa mwisho wa mfereji ndiye anayekesha na tochi. Ninyi mkamwonesha picha ya kilele!

Nilifanya kazi ya kusoma vipimo vya mvua. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, Krismasi au msiba, unamimina maji kwenye kibomba cha kioo, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unaandika milimita kabla hujamwambia mtu neno. Kuna mwaka kijiji cha juu kilifunga maji kikadai masika yamekataa. Wa chini wakaja kituoni, wazee watatu na mama mmoja mjane, wakaomba kuona daftari. Mkubwa wetu wa wakati huo alisita, akasema takwimu ni mali ya ofisi. Yule mama akamwuliza mvua nayo ni mali ya ofisi? Daftari likafunguliwa. Aprili ile ilikuwa imenyesha kama Aprili zilizotangulia. Walilipeleka neno hilo kwenye kikao, wa juu wakaishiwa maneno, banio likafunguliwa wiki hiyohiyo. Hakuna aliyetaja haki ya tabianchi. Kulikuwa na namba tu, iliyoandikwa kwa uaminifu, ikamfikia aliyeihitaji.

Kwa hiyo kama mnataka kuwa wanasayansi na watetezi kwa pamoja, na mimi nataka muwe, basi kazi yenu ni kugawa lawama kwa haki. Mjue lini kusema hili ni la tabianchi, na muwe na ujasiri wa kusema hili silo. Wapo wanaoifanya kazi hiyo. Kundi la World Weather Attribution, wanasayansi wanaopima mchango wa tabianchi katika maafa, ambalo Friederike Otto ni mmoja wa waanzilishi wake, lilichunguza ukame wa kusini mwa Madagascar na mwaka 2021 likasema wazi kwamba mchango wa tabianchi ulikuwa mdogo, umaskini ndio uliowamaliza watu. Kundi hilohilo mwaka 2023 likasema ukame wa Pembe ya Afrika uliongezewa uwezekano wa kutokea mara 100 hivi na ongezeko la joto. Waliposema la pili waliaminika, kwa sababu walikuwa na ubavu wa kusema la kwanza.

Na hilo la akina mama kukata miti. Afrika nzima inatoa asilimia kama 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Mama wa Kibosho na mzigo wake kichwani yumo humo wapi? Ukanda wa msitu wa nusu maili ulitengwa tangu enzi za mkoloni ili vijiji vipate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ulipanuliwa, na tangu hapo mwanamke anayeokota kuni kavu anatazama nyuma kila hatua. Ukitaka kuzungumza miti, anzia hapo, ndipo umwambie aache.

Mengine nayataja tu. Ripoti itoke kwa Kiswahili kwanza. Walipeni vijana wa kijiji wanaowasomea vipimo. Jina la aliyelalamika msilichapishe bila ridhaa yake. Jifunzeni takwimu mpaka mziote. Redioni mkialikwa, nendeni. Na wasichana wenu wasiwe makatibu wa kila kikao.

Najua si ninyi peke yenu. Nchi imewafundisha kwamba utafiti ni warsha, na warsha ni posho. Mfadhili analipia hoteli, mabango na fulana, ukimwomba hela ya kipimamvua anakuuliza kitaonekana vipi kwenye picha. Halafu wanakuja wa biashara ya kaboni, wanaonunua haki ya hewa ukaa inayohifadhiwa ardhini, kwenye malisho ya Longido na Monduli, na mfugaji anawekewa mbele karatasi ya miaka mingi kwa lugha asiyoisoma. Kanuni za nchi za biashara hiyo zipo tangu 2022. Aliyesomea mambo hayo akakaa kimya apate mkataba wa ushauri, huyo sina la kumwambia.

Mifano ya kufuata mnayo. Saleemul Huq wa Bangladesh alisomea mimea, akatumia maisha yake kudai fidia ya hasara kwa nchi zisizochafua. Mfuko wa hasara hizo ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, naye akafariki Oktoba 2023. Ladislaus Chang'a wetu, makamu mwenyekiti wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, tangu 2023, aliwahi kuandika na wenzake utafiti juu ya dalili za mvua wanazozitegemea wakulima wa nyanda za juu kusini. Cheo chote hicho, na aliwasikiliza wakulima.

Na kazi ipo mlangoni kwenu. Mei 2025 mawakili wa PALU, umoja wa wanasheria wa Afrika, waliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, itoe maoni kuhusu wajibu wa serikali katika tabianchi. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza vivyo hivyo mwaka 2019, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni yake. Mawakili hawajui kusoma mvua. Watahitaji mtu wa kuwaonesha kilichotokea Longido mwaka 2009 ng'ombe walipokwisha, kwa namba zinazostahimili maswali ya wakili wa upande wa pili.

Nakala za madaftari yangu ninazo, ziko kabatini. Anayezitaka aje siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Aje na kalamu na muda wa kutosha, maana kuna kurasa mwandiko wangu lazima niusome mwenyewe.

Bibi yenu,
mpima mvua mstaafu, Kibosho